Napakia hema la barafuni peke yangu, mwenye pikapu kakaa kwenye hita. HII NI DHARAU!

Mtoto wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu,

Naandika vidole bado vinawaka, nikikosea herufi mnivumilie, kidole gumba cha kulia sikisikii tangu nitoke ziwa Mille Lacs, huku Minnesota. Jina simtaji. Mliopo Minnesota mnamjua, na msiopo Minnesota mna wa kwenu.

Yule jamaa. Mwenye pikapu nyeusi inayooshwa hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Yule anayefika msibani pilau ikishapakuliwa. Huyo huyo.

Leo tumekwenda kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda. Hema langu, keekee ya kutobolea barafu yangu, chambo changu, mtungi wa gesi wangu. Chake ni pikapu tu, na mafuta tumechanga. Nikamtobolea matundu yake mawili, maana sheria ya hapa majira ya barafu mtu anaruhusiwa mishipi miwili. Nikamtengea kiti kilicho karibu na hita. Akapata samaki wawili wazuri aina ya walleye, nikampongeza kwa moyo safi. Hadi hapo sina neno.

Ikafika saa ya kuondoka.

Kwa msiojua haya mahema, msifikirie la kambini unakunja unatia begini. Ni sleji ya plastiki ndefu kunizidi, ndani ina viti, na juu yake kuna turubai unalolifunua kwa mabomba ya alumini. Likiwa kavu dukani lina kilo 50 hivi, na yapo makubwa zaidi. Likishinda kutwa ziwani, ule mvuke wa pumzi na wa chai umeganda wote kwenye turubai, na theluji iliyolowa imeshika chini ya sleji. Hata ukitoa ndoo na betri, hiyo mashine inakuwa na uzito wa ng'ombe mwenye mimba.

Sasa lipandishe kwenye pikapu iliyoinuliwa, mlango wa nyuma unakufika kifuani, nawe umesimama juu ya barafu tupu. Watu wawili ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mtu mmoja unainua pua ya sleji, unaiegemeza kwenye mlango, unazunguka mbio nyuma kabla haijateleza, unachutama, unainua mkia, unasukuma. Sleji haiendi. Unaokwenda ni wewe, kinyumenyume, buti zinateleza. Chini ya sleji barafu, mlango wa pikapu barafu, pua inachomoka, mzigo wote unakuja kwenye ugoko. Kamba imekauka haikunjiki. Upepo umeingia kwenye turubai linataka kuruka nalo hadi Kanada.

Na yeye yuko wapi? NDANI. Injini inanguruma, hita mpaka mwisho, vioo vinatoka jasho. Chupa YANGU ya chai anayo yeye.

Nikamwita, "Ndugu yangu, nishikie upande mmoja." Dirisha likashuka. Likashuka kiasi cha kupitisha sambusa. Nikasema moyoni, haya, anakuja. Akanitazama, nimekumbatia sleji, kamasi limeganda kwenye sharubu, akasema:

"Kaka, angalia rangi."

Dirisha likapanda.

ANGALIA RANGI! Ugoko wangu hana habari nao. Mgongo wangu hana habari nao. RANGI! Ningeanguka nikavunjika kiuno pale, angeshuka kupangusa bodi kwanza. Nimepakia mwenyewe, nimefunga mikanda mwenyewe, nimeingia garini natetemeka, ananiuliza, "Umeangalia rangi lakini?"

Nauliza, binadamu wa namna hii wanalelewa wapi?

---

Kijukuu cha Bibi
Siti ya mbele. Nani ana karanga?

Mama Tausi
Pole sana mwanangu. Huyo namjua bila kuambiwa. Nilipohama alikuja "kusaidia", akashika funguo. Funguo tu, kutwa nzima.

Jembe Halimtupi
Mtu umezaliwa Pangani, bahari ya uvuguvugu, kamba na kolekole mlangoni. Unapanda ndege, unakwenda kukaa juu ya ziwa lililoganda unachungulia tundu, kisha unakuja kutulilia sisi? Rudi nyumbani mkuu, ngalawa haipakiwi kwenye pikapu.

Mtoto wa Pangani
@Jembe Halimtupi soma uzi vizuri. Silalamiki baridi. Baridi naijua, nimeizoea, naipenda. Nalalamikia mtu kushusha dirisha akaniambia ANGALIA RANGI.

Fundi Mkimya
Mkuu, siku nyingine usipakie ziwani. Buruta sleji hadi ufukweni pale boti zinaposhushiwa, pana mteremko. Pikapu igeuze ielekee juu, mlango wa nyuma unashuka chini kuliko kawaida. Weka mbao mbili ziwe ngazi. Toa kila kitu ndani ya sleji, kwangua barafu ya chini, pandisha pua kwanza, halafu geuka usukume kwa mgongo na miguu, siyo kwa mikono. Buti zivalishe meno ya chuma. Na turubai ulifunge mkanda kabla ya kuinua, upepo usilipate. Peke yako unaweza kabisa.

Mtoto wa Pangani
Ahsante fundi, umenena. Ila tulikuwa WAWILI. Ndiyo maana roho inaniuma. Ningekuwa peke yangu kweli ningejipanga kwa mbao na winchi. Nilikuwa na mtu mzima, ana mikono miwili, anakunywa chai yangu, anawaza rangi.

Nyangumi Mdogo
Hii chai. Weka picha ya ugoko.

Mtoto wa Pangani
Picha naweka nikiweza kuvua soksi.

Afisa Usalama
Hamjagusa jambo kubwa. Barafu ilikuwa unene gani? Idara ya maliasili ya jimbo inasema mtu wa miguu inchi 4, pikapu ya wastani inchi 13, na hata hapo hawakuhakikishii kitu. Huyo kakaa ndani ya gari juu ya ziwa, madirisha juu. Ukiendesha kwenye barafu unashusha madirisha na mkanda unafungua, gari likizama utoke. Kwa hiyo kosa lake kubwa ni kupandisha dirisha.

Mama Tausi
Hapo kwenye kupandisha dirisha hata mimi nimeumia.

Mtoto wa Pangani
Mama, na alilipandisha TARATIBU. Ananitazama.

Otieno wa Brooklyn Park
Pole ndugu. Lakini nyinyi mnaongelea rangi, mimi nina hasira na wale wanaacha taka kwenye ice. Juzi nimefika tundu limezungukwa na makopo na mabaki ya samaki. Sheria iko tangu 2023, taka yako usiweke kwenye barafu kabisa, unapigwa faini. Na ukiwaambia wanakuangalia ni kama umewatukana mama.

Kijukuu cha Bibi
Otieno umeharibu ladha, tulikuwa kwenye rangi.

Otieno wa Brooklyn Park
Rangi itapakwa tena. Ziwa je?

Shemeji wa Fargo
Nyie bado. Mimi nilibeba sofa ghorofa ya tatu na mtu, tukiwa katikati ya ngazi akasema mgongo umemkamata. Akaliacha. LIKO MIKONONI. Jioni yake namwona uwanjani anapiga danadana.

Jembe Halimtupi
Shemeji umeshinda. Sofa ni zito kuliko hema.

Mtoto wa Pangani
Siyo mashindano wakuu. Huyo wa sofa angalau alisingizia ugonjwa. Wa kwangu hakusingizia kitu. Alisema rangi.

Mama Tausi
Mkishamaliza, kuna aliyechukua sufuria langu kubwa siku ya sherehe ya Uhuru, lile la pilau la kilo kumi. Nalijua, lina mpini uliofungwa waya. Nimeulizia kwenye kundi mara nyingi, watu wanaweka vikopa tu.

Shemeji wa Fargo
Mama, muulize mwenye pikapu nyeusi. Ndiye aliyebeba vyombo siku ile.

Mama Tausi
ALIBEBA VYOMBO? Yule? Nani alimpakilia?

Nyangumi Mdogo
Wakati mnatafuta sufuria, nina swali la kweli. Northern pike mnamlaje? Miiba ile inanichosha, wanangu wanakataa.

Fundi Mkimya
Mkate minofu, halafu kuna mstari wa miiba yenye umbo la Y juu ya ubavu. Pitisha kisu pande zote mbili za mstari uutoe mzima kama utepe. Ukishajua huachi samaki huyo majini.

Jembe Halimtupi
Anatiwa nazi?

Otieno wa Brooklyn Park
Nazi ya nini? Kausha, kaanga, kachumbari pembeni, ugali wa moto.

Jembe Halimtupi
Nyinyi kila kitu mnakaanga. Samaki wa maji baridi bila nazi na ndimu ni karatasi.

Mama Tausi
Nazi inapikiwa ndani ya sufuria. Sufuria liko wapi?

Kijukuu cha Bibi
Kura: nazi au kukaanga. Naanza mimi, nazi.