Classroom, Trello au Padlet kwa darasa la tatu: kipi kinafaa?

ChakiNyeupe
Wakuu, habari za jioni. Mwalimu mkuu anataka nichague programu moja ya mtandaoni ya kupangia kazi za darasa, na jibu analitaka Ijumaa. Nimezigusa tatu juu juu: Google Classroom, Trello na Padlet. Zote naona nzuri, hapo ndipo nilipokwama. Wenye uzoefu naombeni mwongozo.

BiRejista
Mwalimu, unauliza njia hujasema unakwenda wapi. Watoto wangapi? Wana vifaa, au kifaa unacho wewe peke yako? Mtandao unafika darasani? Na unachotaka kupanga ni kazi za watoto au makaratasi yako?

Kifutio
Trello. Mjadala umefungwa.

ChakiNyeupe
Samahani Bi Rejista, nilikuwa na haraka. Watoto 41, miaka minane hadi tisa. Vishikwambi vya shule ni 8, vinazunguka madarasa. Projekta ipo. Mtandao unatoka ofisini na huwa unasuasua. Nataka mtoto ajue leo ana kazi gani, mzazi naye aone, na mimi niache kubeba marundo ya karatasi kwenda nazo nyumbani.

BiRejista
Hapo una mahitaji matatu, na umeambiwa uchague programu moja. Pole.

Kifutio
Haya, nafafanua. Trello ni ubao wenye safu, kila kazi ni kadi. Mimi nina safu tatu: "Bado", "Tunafanya", "Tayari". Asubuhi naurusha ubao ukutani kwa projekta, kiongozi wa kila kundi anakuja kwenye kompyuta yangu kuburuta kadi ya kundi lake. Makundi sita, kadi sita, kila moja na rangi yake, maana wapo ambao kusoma bado kunawasumbua. Watoto hawana akaunti hata moja, akaunti ni yangu. Kuna binti alikuwa hamalizi chochote. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha kwamba kadi ya kijani haijasogea.

Vidole10
Yote hayo yanafanyika kwa manila na pini. Umeme ukikatika, manila iko palepale.

Kifutio
Manila haimfuati mzazi nyumbani.

Vidole10
Na Trello inamfuata? Mtumie mzazi kiungo cha ubao wako uone kama hatakupigia simu kuuliza "mwalimu, hiki ndiyo nini?"

BiRejista
Mkimaliza nyie wawili, tumjibu mwenzetu. Classroom kwanza, yaani darasa la mtandaoni la Google la kugawia na kukusanyia kazi. Katika nchi nyingi mtoto hawezi kujifungulia akaunti ya Google mpaka afike miaka 13. Wako wana minane. Kwa hiyo lazima shule iwe imejiandikisha Google Workspace for Education, huduma ya Google kwa ajili ya shule, msimamizi wa shule awafungulie watoto akaunti na wazazi waridhie. Kama hilo limefanyika, Classroom inakuundia folda ya darasa kwenye Drive, hifadhi ya mafaili ya Google mtandaoni, bila wewe kuhangaika, na mzazi anaweza kuletewa muhtasari wa kazi kwa baruapepe kila siku au kila wiki. Kama halijafanyika, ifute kwenye orodha yako usiku huu. Na usiwadanganyie watoto umri! Nimeshaona darasa zima "limezaliwa" 1990.

Padlet ni ubao wa mtandaoni wa kubandika vitu: mtoto anaingia kwa kiungo au msimbo wa QR, anabandika picha ya daftari lake, basi. Lakini asiye na akaunti anaweza kuonekana bila jina, kwa hiyo wafundishe kuandika jina kwanza, la sivyo utapata michoro 41 ya jua usijue ipi ya nani. Toleo la bure nalo lina mbao chache, utalazimika kufuta za zamani.

KalamuMbili
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta. Programu siitaji, kosa lilikuwa langu. Niliweka kila kitu humohumo: kazi, alama, maoni kwa wazazi. Kila mtoto alikuwa na kadi yake, na akimaliza kazi naisogeza mwenyewe. Siku moja nikaazima kishikwambi cha darasa kuangalia kitu, kengele ikalia, nikaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Kipindi kilichofuata kikashikwa na kijana mmoja mpole sana, yule wa kugawana kifutio na kila mtu. Akaona kadi za wenzake zimekwama kwenye "Hajamaliza". Akawahurumia. Akazisogeza zote, moja moja, 36, kwenye "Amemaliza vizuri". Yake akaiacha ilipokuwa, kwa sababu yeye kweli alikuwa hajamaliza.

Mimi sikukagua. Jioni nikatuma taarifa kwa wazazi. Kesho yake mama mmoja akanifuata getini na daftari tupu mkononi, ananiuliza nampongeza mwanawe kwa lipi. Wiki mbili nilikuwa napitia madaftari upya. Tangu siku hiyo alama zangu zinaanzia kwenye rejista ya karatasi, mtandaoni naweka nakala.

Kifutio
Huyo kijana apewe uongozi wa darasa.

MzaziKimya
Naomba niingie kama mzazi. Nina watoto watatu na kila mwalimu ana programu yake. Moja inataka nywila, nyingine msimbo, ya tatu inaniamsha saa tano usiku kuniarifu mwanangu "amepata pointi". Pointi za nini?

Vidole10
Za kukaa kimya. Mtoto anayeuliza maswali anakatwa. Halafu zinaoneshwa ukutani, mwenye pointi chache anasoma aibu yake tangu asubuhi.

KalamuMbili
Si lazima uzioneshe, mzee. Darasani kwangu kila mtoto anaziona zake tu, na wanaulizana maswali mpaka kichwa kinauma.

Vidole10
Wangeandika kazi zao kwenye shajara kwa mkono wangezikumbuka bila pointi.

BiRejista
ChakiNyeupe, lolote utakalochagua, pakua nakala kila mwisho wa mwezi. Edmodo ilikuwa na mamilioni ya walimu na wanafunzi, ikafungwa Septemba 2022. Jamboard, ubao wa kuchorea wa Google, ikafuata mwisho wa 2024. Na je, umeuliza kuhusu akaunti za shule?

ChakiNyeupe
Nimeuliza leo. Mwalimu mkuu anasema akaunti zilifunguliwa zamani, ila aliyekuwa msimamizi amehama na nywila anayo yeye. Nimeelemea kwenye Trello ya projekta, wazazi niwawekee picha ya ubao kwenye kundi la WhatsApp.

MzaziKimya
Kundi la WhatsApp! Picha yako itazama chini ya maua ya "asubuhi njema" kabla sijafungua simu.

BiRejista
Msimamizi mwingine hakuwepo? Mara nyingi huwa wanawekwa wawili.

ChakiNyeupe
Naulizia kesho. Jambo jingine: vishikwambi vile 8, nimevikagua mchana, vinavyowaka ni 5. Vitatu havipokei chaji kabisa.

Kifutio
Umejaribu kubadilisha waya? Tundu lake ni lile bapa la zamani au la mviringo?