Nawaambiaje wazee wa tumbaku wasivutie ndani na watoto wapo? (Urambo)

mhudumu_urambo: Wakuu habari za jioni. Mimi mhudumu wa afya ngazi ya jamii, tunapita nyumba kwa nyumba kuongelea sigara. Vipeperushi tulivyopewa vina picha ya pafu jeusi na maneno ya kidaktari, sasa mtu kasomesha watoto wote kwa tumbaku unampa hicho anakuangalia tu. Juzi mzee mmoja kamtuma mjukuu wake wa miaka kama sita jikoni amletee kaa awashie msokoto, katoto kakaja nalo kwenye gae kanalipuliza njia nzima lisizime, mzee akavuta palepale huku amekapakata na kenyewe kanakohoa. Niliishiwa maneno kabisa. Naanzaje bila kuonekana natukana riziki ya watu?

BintiKaliua: Pole dada. Usianze na tumbaku, anza na mtoto. Baba yangu ukimwambia tumbaku mbaya anasikia umesema yeye ndo mbaya. Ila anajua mwenyewe ukichuma majani yana umande bila kujifunika unarudi na kizunguzungu unatapika, ile ni nikotini imepita kwenye ngozi. Nikamwambia baba, kama jani bichi linakulaza wewe mtu mzima, moshi kwenye kifua cha mtoto je? Alikaa kimyaa. Hajaacha, ila siku hizi anavutia kule mwembeni.

Mtani77: Halafu ongea nao Kinyamwezi. Marekani familia zinazoongea Kihispania zina laini yao ya simu ya bure inaitwa Déjelo Ya, yaani acha sasa, ukipiga unaongea na mtu wa Kihispania, na kwenye matangazo walikuwa wakiongea watu waliougua kweli kwa sigara. Kwa hiyo tafuta mzee wa hapohapo aliyeacha, huyo atasikilizwa kuliko karatasi.

mama_Shija: Na kina bibi na ugoro wao msiwasahau jamani, wanaona hauna moshi basi salama kumbe nikotini ni ileile. Na mtu akiacha wiki za kwanza anakuwa mkali, haswa zile siku za mwanzo, waambieni wa nyumbani wamvumilie wasimseme.

mhudumu_urambo: Asanteni sana, mmenifungua. Balozi wetu wa nyumba kumi aliacha sigara miaka mingi na ni rika moja na yule mzee, nimeshampigia, kesho asubuhi tunaenda wote.