Mwanangu wa kidato cha pili katengenezewa stika, shule hataki tena. Nifanyeje?

Mama wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Habari zenu humu. Huwa napita kusoma tu, leo imebidi niandike. Mnisamehe mpangilio, kichwa hakijatulia.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Wiki hii mbalamwezi ni kali, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, basi mchana niko nyumbani, jambo lisilo la kawaida kwangu. Ndiyo nikagundua binti yangu wa miaka 15 haendi shule. Anavaa sare, anaaga, anazungukia huko, akijua nimetoka anarudi kulala. Siku nne!

Nilimbana, hakusema. Usiku nikachukua simu. Ni ya dada yake, ila jioni huwa anaishika yeye kwa sababu darasa lao lina grupu la WhatsApp wanatumiana maswali ya hesabu. Nilichokiona humo sijalala nacho. Kuna picha yake alipigwa Jumamosi moja akinisaidia kujaza magunia, kajifunga kanga kichwani, uso kaukunja kwa jua. Wameikata wakaifanya stika, juu wameandika "harufu imefika". Akiuliza swali la kazi ya nyumbani, stika. Akisalimia, stika, hata ishirini kwa mpigo, na wengine wanaweka vicheko. Halafu kuna namba haina jina wala picha, inamfuata inboksi saa tano usiku kumwambia asije shule, anachafua dawati.

Hapo ndipo nilipokosea, nadhani. Nilimnyang'anya simu nikamgombeza kwamba hayo ndiyo matunda ya kushinda mtandaoni. Tangu siku hiyo hali vizuri na hanisemeshi. Shuleni nako nikaambiwa simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, kwa hiyo ya kwenye simu ni mambo ya nyumbani. Mjomba wake wa Sengerema anasema nimpeleke kwake, ahamie shule ya kule. Nimhamishe?

Nahodha wa Kamanga

Pole mama. Lakini watoto wa siku hizi wanadeka. Sisi tuliitwa majina ya kila aina na tukamaliza shule. Mwambie akaze roho.

Mlango Mmoja

Nahodha, wewe kengele ya saa nane ikilia uliwaacha hukohuko shuleni. Huyu wanamfuata mpaka kitandani. Na jina ulilotaniwa lilisikiwa na waliokuwepo, likaisha. Stika inakaa kwenye simu za darasa zima, mtu anaitoa akijisikia, hata kwa mtoto wa shule nyingine asiyemjua binti. Usilinganishe.

Fundi Makoroboi

Mama, kwanza usifute kitu na usitoke kwenye grupu bado. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yenyewe, tarehe na saa. Jina peke yake halisaidii, maana jina mtu anahifadhi anavyotaka. Pia unaweza kuhamisha mazungumzo yote ya grupu ukayatuma kwenye barua pepe. Baada ya hapo ndiyo uiripoti ile namba na kuizuia. Ukiiripoti, WhatsApp wanapelekewa meseji tano za mwisho alizokutumia, na yeye haambiwi nani kamripoti.

Admini wa grupu ana uwezo wa kufuta stika ya mtu mwingine ikapotea kwa wote. Kama hafuti, basi hajataka.

Halafu mtu akikufuata inboksi humu akwambie anaweza kuhaki hiyo namba umtumie elfu thelathini, huyo ni mwizi. Wapo, nawajua.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha Ilemela, si shule ya mwanao, na jibu ulilopewa limenikera. Wanaomchafua ni wanafunzi, anayekosa masomo ni mwanafunzi, sasa la nyumbani ni lipi hapo? Rudi na picha zilizochapishwa. Usiishie kwa mwalimu wa kwanza utakayemkuta. Omba mwalimu wa ushauri nasaha na mkuu wa shule wakae pamoja. Wakikuzungusha, ofisi ya afisa elimu sekondari ya wilaya iko wazi kwa mzazi.

Ombi moja: usikubali jambo hili litangazwe mstarini. Nimeona walimu wakifanya hivyo kwa nia njema, wanamsimamisha mtoto mbele "wenzake waone aibu". Anayetoka pale na aibu ni yeye, na jioni yake stika mpya inazaliwa.

Na wewe mwenyewe usiingie kwenye grupu kuwajibu. Najua mkono unawasha.

Wakili Mtoro

Kuhusu sheria: kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo ni kosa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ila kama mwenye namba naye ni chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto na hafungwi jela. Kwa hiyo kituoni nenda Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, mwenye namba polisi wanaweza kumpata. Mara nyingi unakuta ni laini ya baba wa mtu.

Mtoto wa Pasiansi

Nina miaka 19. Mimi walinifungulia akaunti feki nikiwa kidato cha tatu, wakawa wanaandika kama mimi. Sikumwambia mama kwa miezi kadhaa, na sababu ni moja tu: nilijua atachukua simu. Simu ikichukuliwa wao hawanyamazi. Wewe tu ndiye huwaoni, unalala unawaza wanasema nini sasa hivi.

Mama, mwombe radhi kwa kumgombeza. Shule na polisi vifuate. Na kama amewahi kutamka kwamba bora asingezaliwa, usingoje Jumatatu, pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, wanaongea na watoto na wazazi pia.

Kumhamisha muulize mwenyewe. Kwangu kungekuwa kama kufukuzwa.

Nahodha wa Kamanga

Nimesoma. Nafuta kauli, mama.

Mama wa Mwaloni

Ahsanteni wote. Jana nilikaa naye jikoni, nikamwomba radhi. Kwetu si jambo la kawaida mzazi kumwomba mtoto radhi, na mimi lilinishinda mara mbili kabla halijatoka. Hakujibu kitu. Baadaye, tukichambua mchele, akasema aliyempiga ile picha ni rafiki yake, yule aliyekuja siku ile akala na kwetu. Amejua tangu mwanzo. Hataki nimtaje shuleni. Nimemwambia tutazungumza, sijamwahidi.

Halafu akaniuliza kama ananuka kweli. Nikamwambia Jumamosi tunanuka wote wawili, mpaka bodaboda wa Kirumba anatudai nauli ya gunia la tatu. Akacheka kidogo. Sengerema hataki.

Namba ya 116 nimemwandikia kwenye karatasi, kaiweka kwenye daftari. Jumatatu naenda shuleni na picha, nimeshazichapisha steshenari. Lazima iwe Jumatatu, mbalamwezi inapungua na magunia yakianza kuingia sitapata nafasi. Fundi, kuna sehemu ya kuzuia watu wasimuingize kwenye magrupu hovyo? Nimetafuta mpaka macho yanauma.

Fundi Makoroboi

Mipangilio, Faragha, Vikundi. Weka wawe wale tu aliowahifadhi. Ukikwama piga picha ya skrini uiweke hapa, ila ficha namba.