Geisha: msanii anayejitegemea au binti aliyewekwa rehani? Tujadili

Wakuu salaam. Juzi tumebishana mpaka watu wakanuniana. Mmoja anasema geisha wa Japani ni malaya tu waliopakwa poda nyeupe, mwingine anasema hapana, wale ni wasanii wakubwa wanaheshimika kwao kuliko hata waigizaji. Mimi nilikaa kimya, nikarudi nyumbani nikaona bora nilete hapa, maana naona wote wawili wanagombania swali ambalo sio lenyewe. Swali langu ni hili: deni lilikuwa la nani, na daftari alishika nani?

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Geisha na oiran ni watu tofauti. Oiran ndio makahaba wa daraja la juu kule Yoshiwara, mtaa wa ukahaba wenye leseni ulioanzishwa mwaka 1617 mjini Edo, ndio Tokyo ya leo. Geisha wa mwanzo kabisa walikuwa wanaume, kazi yao kuchangamsha karamu. Wanawake wakaja baadae wakaishika ile kazi, kuimba, kucheza, kupiga shamisen ambayo ni kama gambusi la nyuzi tatu, kumimina sake, ile pombe ya mchele, na kupiga stori na wageni. Kwahiyo aliyesema malaya amekosea. Ila aliyesema wasanii akaishia hapo hapo nae ameacha nusu ya habari.

Maana mtoto alifikaje pale? Mzazi kafilisika, mavuno mabaya, anakuja dalali, mzazi anapewa hela mkononi na binti anapelekwa okiya, yaani nyumba ya geisha. Ile hela ni mkopo na mlipaji ni mtoto. Juu yake inaongezwa ada ya mafunzo, chakula, dawa akiumwa, kimono ambazo bei yake inatisha na bila kimono hakuna kazi, yote yanaandikwa, alafu yeye anaingia kazini akiwa tayari anadaiwa miaka na miaka ya maisha yake.

Mwaka 1872 meli ya Peru, Maria Luz, ilitia nanga Yokohama imebeba vibarua wa Kichina walioteswa vibaya, Japani ikaingilia ikasema huu ni utumwa. Wakili wa nahodha akawageuzia: nyie mbona mnauza mabinti zenu? Serikali ikaaibika, mwezi wa kumi mwaka huo huo ikatoa amri ya kuwaachia makahaba na geisha, na wizara ya sheria ikaandika kwamba hawa wamepoteza haki za utu wao, hawana tofauti na ng'ombe na farasi, na mtu hawezi kumdai ng'ombe, basi madeni yao yamekufa. Watu wakaiita amri ya kufungulia ng'ombe. Nimeirudia hiyo habari mara nyingi na kila mara inanikaa kifuani. Wamewakomboa kwa kuwaita mifugo! Na hata huo ukombozi haukushika, mikopo ikarudi kwa majina mengine, mpaka mwaka 1955 ndio Mahakama ya Juu ya Japani ikasema mkopo aliochukua baba kwa kumfunga binti yake kwenye kazi ya kuhudumia wanywaji ni batili na hela haidaiki. Miaka 83 imepita hapo katikati.

Sasa mapenzi. Ndani ya mfumo ule kulikuwa na danna, mwanaume mwenye hela anaemgharamia geisha mmoja, na makubaliano hayo mara nyingi yalipitia kwa mama wa nyumba, sio kwa binti. Sadayakko, yule aliyekuja kuwa nyota wa jukwaa Paris mwaka 1900, akiwa bado kigori danna wake alikuwa Ito Hirobumi, waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Jiulizeni, binti wa umri ule anamkataaje waziri mkuu? Baadae aliolewa na mwigizaji, Kawakami Otojiro, mtu wa kuhangaika tu, na hapo ndio mimi nayaona mapenzi, kwa sababu pale alichagua mwenyewe. Kuna Oyuki, geisha wa Gion, mtaa wa geisha kule Kyoto, aliyeolewa mwaka 1904 na George Morgan, mpwa wa J. P. Morgan, yule tajiri wa benki wa Marekani, na inasimuliwa ilitoka yen 40,000 kumtoa. Watu wanaisimulia kama hadithi ya mahaba. Mimi nikiisikia nauliza, hizo hela zilikuwa zinafuta nini?

Na ushindani. Tunapenda kusema wanawake hawapendani, kwamba wale walioneana wivu kwa sababu ya wanaume. Angalieni mfumo wenyewe. Zamani muda wa geisha ulipimwa kwa vijiti vya udi, kijiti kikiisha ndio hesabu. Gion hadi leo kila tarehe 7 Januari kuna sherehe ya kufungua mwaka ambapo walioongoza kwa mapato mwaka uliopita wanatunukiwa mbele ya wenzao. Binti mdogo anafungamanishwa na dada mkubwa kwa kunyweshana sake, anachukua hata kipande cha jina la huyo dada, akikosea dada ndio anaenda kuomba radhi, na siku mdogo aking'aa ndio huyo huyo atakuwa mpinzani wake kwa wateja. Ukiwaweka watu wenye madeni kwenye chumba kimoja na wateja wachache, chuki haihitaji mwanaume.

Karibuni, tusitukanane.

Jibu la 1

Mkuu umeandika vizuri ila umewaonyesha kama hawana akili zao, na hapo ndio tunapishana. Mimi ni mwanamke na nimefanya biashara ya saluni miaka mingi, najua maana ya nyumba inayoendeshwa na wanawake. Okiya mwenye nyumba ni mama, mrithi ni binti, huko mtoto wa kike alikuwa ndio mali ya ukoo wakati sehemu nyingine za Japani mwanamke hana hata sauti. Mineko Iwasaki aliingia mtoto, akaasiliwa na mama mwenye okiya, akawa geisha maarufu kuliko wote wa wakati wake, na mwaka 1980 akaacha kwa uamuzi wake mwenyewe akiwa kileleni. Mwandishi wa Marekani Arthur Golden alipotoa riwaya yake mwaka 1997 ikionyesha ubikira wa binti unapigiwa mnada, Iwasaki ambae alikuwa amemsimulia mambo alimshtaki mwaka 2001, akasema Gion yake haikuwa hivyo na kwamba Golden alimuahidi kutomtaja jina. Wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2003. Sasa wewe na mimi ambao hatujawahi kufika Kyoto tunamwambia mwenyewe kwamba alinyonywa?

Jibu la 2

Nachangia kidogo kutoka Unguja. Wazee wa Mji Mkongwe walikuwa wakihadithia kuhusu wanawake wa Kijapani waliokuwa wakiishi hapa zamani na baa yao, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Hao si geisha jamani, wao wanaitwa karayuki, yaani waliopelekwa nje ya Japani kufanya ukahaba, wengi wao mabinti wa kimaskini wa Amakusa na Shimabara, kwenye kisiwa cha Kyushu kusini mwa Japani. Lakini deni ndilo hilo hilo, nauli ya meli na chakula cha njiani wanaandikiwa wao. Mtu katoka Kyushu hadi Zanzibar anadaiwa nauli ya safari asoiomba. Basi mimi nipo na mleta mada.

Mleta mada

Dada yangu wa saluni, nashukuru, na hoja yako ni nzito. Simbishii Iwasaki alichokiishi. Ila kumbuka alikuwa mrithi wa nyumba, yaani daftari lilikuwa linaelekea mikononi mwake. Muweke pembeni ya Masuda Sayo, aliyezaliwa mwaka 1925, akafanywa yaya angali mtoto mdogo sana, akauzwa akiwa na miaka 12 kwenye nyumba ya geisha wa chemchemi za maji moto kule Suwa, mkoa wa Nagano. Kusoma alijifunza ukubwani, na mwaka 1957 akaandika maisha yake mwenyewe kwa herufi zile rahisi za watoto. Yeye hakuwa mrithi wa mtu. Wote wawili ni geisha, wote wawili wanasema kweli, tofauti ni nani alikuwa upande upi wa hesabu.

Na kwa wanaosema hayo yamepita. Ni kweli siku hizi hakuna mzazi anaeuza mtoto, wasichana wanakwenda Kyoto kwa kupenda ngoma na mavazi, wengine hata wazazi wanakataa wao wanalazimisha. Lakini maiko, yaani mwanafunzi, anaanza na miaka 15, hapokei mshahara, anapewa hela ya matumizi tu kwa sababu nyumba inasema imemgharamia. Mwaka 2022 msichana mmoja aliyewahi kuwa maiko alijitokeza hadharani akaeleza kwamba alinyweshwa pombe sana akiwa na miaka 16, wakati Japani kisheria ni miaka 20, na kwamba kulikuwa na habari za kuoga na wateja. Wengine walimshukuru, wengine wakamwambia anachafua utamaduni. Sheria ya kazi ya Japani inakataza mtu chini ya miaka 18 kufanya kazi baada ya saa 4 usiku, lakini maiko anahesabiwa mwanafunzi wa sanaa, basi anapita pembeni ya sheria.

Dada, mimi sitaki Gion ifungwe. Ngoma zile zikifa hazirudi. Ila binti wa miaka 16 akiwa amekaa na walevi saa 5 usiku anatabasamu, hiyo ni kazi, alipwe mshahara, na kila mwisho wa mwezi apewe nakala ya hesabu yake aisome mwenyewe. Hapo utanikatalia wapi?