Mjadala: Nyumba za kukodisha kwa siku zilazimishwe kuandika kila mgeni kabla ya Desemba?

BintiShanzu: Naleta hoja hii mapema, msimu haujatufikia. Kuanzia katikati ya Desemba, Nyali, Bamburi, Shanzu hadi Mtwapa hakupatikani chumba. Hoteli kubwa inapitisha kioo chini ya gari, inakagua mkoba, inaandika kitambulisho mapokezi. Ghorofa lililo ukuta kwa ukuta na hoteli hiyo, mgeni anatumiwa namba ya kisanduku cha ufunguo kwa simu, anaingia saa nane usiku na watu watano ambao hakuna anayewajua. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi ndani ya nyumba kama hizi, kwa muda wa wiki mbili tu. Tarehe 27 watu wakaandamana, hata hapa Mombasa. Nauliza: kaunti iwalazimishe wenye nyumba kuandika kila anayelala, si yule aliyelipa peke yake, na kuweka mtu wa kukesha? Na msiniambie kuna soja getini. Soja wetu wengi saa saba usiku wamelala, na aliye macho ukimpa mia mbili anafungua bila kuuliza jina.

MwenyeNyumbaMbili: Dada, nina nyumba mbili Bamburi. Kaunti nailipa leseni ya biashara na taka yangu haizolewi. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii nayo inataka leseni yake. Sasa niajiri mkesha kwa nyumba ambayo mwezi wa tano inakaa tupu? Desemba ndiyo inayolisha mwaka. Anayetaka ulinzi wa hoteli aende akalipe bei ya hoteli. Lakini hapo kwa masoja umesema kweli tupu.

SojaWaUsiku: Nimefika kwenye mia mbili nikaweka simu chini. Dada, hiyo ni kazi yangu. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Geti moja, maghorofa matatu. Hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyewahi kunitumia majina ya wanaofika usiku. Mgeni anashuka na mizigo, watoto wamelala begani, ananionyesha ujumbe kwenye simu. Nikimzuia anampigia mwenye nyumba, naye ananitukana huku mgeni anasikia. Nikimpitisha, mwaniita mla rushwa. Mwataka nifanye lipi?

MwenyeNyumbaMbili: Hujajibu la mia mbili.

SojaWaUsiku: Sijachukua ya mtu. Wewe nawe hujajibu la majina.

KijanaWaKisauni: Soja, usikasirike, lakini hapa kwetu pikipiki iliibwa na mlinzi yuko kwenye kiti anakoroma. Tulimwamsha sisi wenyewe.

MamaWaWatatu: Analala kwa sababu mchana anabeba mizigo sokoni! Ndugu yangu ni mlinzi. Mshahara wake ukitoa kodi ya chumba na karo, hakuna kinachobaki cha kula. Mtu huyo mwamtaka akeshe saa kumi na mbili, siku sita, halafu mwamcheka akisinzia. Hivi kweli hamwoni?

KijanaWaKisauni: Mama, sijamcheka mtu. Pikipiki ilikuwa ya babangu.

MtuWaMapokezi: Mwagombana na soja kana kwamba yeye ndiye mpango mzima wa usalama. Mimi nimefanya kazi mapokezi ya hoteli ya ufukweni, na geti la barabarani halikuwa tatizo letu kamwe. Tatizo lilikuwa upande wa bahari. Ufuo ni wa umma, Desemba unajaa, na mlango wa kuelekea huko unaachwa wazi kutwa kwa sababu wageni hawataki kusimamishwa. Kisha kuna vibarua wa msimu: wanaletwa siku chache kabla ya Krismasi, wanapewa sare na funguo za vyumba, na cheti cha mwenendo mwema hakuna aliyekiuliza. Na kuna simu. Mtu anapiga, "Nipe namba ya chumba cha fulani," na kibarua anaitaja. Tulikataza hilo kabisa: simu inaunganishwa chumbani, namba haitajwi, hata mpigaji akisema ni mume. Haikutugharimu shilingi. Huku kwenye nyumba za siku, namba ya kufuli ni ileile tangu Pasaka na kila aliyewahi kulala humo anayo. Si uibadilishe kila mgeni akitoka?

MzeeKilindini: Hoteli zisijisifu. Kikambala, 2003, gari la mabomu liliingia mpaka hotelini.

KijanaWaKisauni: 2002, mzee. Novemba 28. Walikufa watu 13 na kumi ni Wakenya, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakipokea wageni.

MzeeKilindini: Mwaka ni mwaka. Zamani hapa tulikuwa twalala milango wazi. Vurugu hizi zaja na treni ya Desemba kutoka bara.

NuruWaThika: Mzee, kwa heshima zako, mimi ndiye wa hiyo treni. Nakuja na dada zangu, tunalipa nyumba, tunakula kwenu, tunapanda tuktuk zenu, na bado mwatuita vurugu. Niwaambie vurugu niliyokutana nayo mimi. Getini walipiga picha kitambulisho changu kwa simu ya mtu binafsi. Kesho yake mwanamume nisiyemjua ananipigia, ananiita majina yangu yote matatu. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019! Andikeni kila mtu, sipingi, lakini daftari litalala wapi na nani atalishika? Na kamera je? Airbnb, wale wa mtandao wa kukodisha nyumba, walipiga marufuku kamera za ndani tangu Aprili 2024, ila nyumba nyingi za huku hazipitii kwao. Zinakodishwa kwa WhatsApp na M-Pesa, basi.

MzeeKilindini: Mwanangu, sikukusema wewe.

NuruWaThika: Ulisema treni, mzee. Nilikuwa ndani.

MamaWaWatatu: Nuru, pole sana. Binti zangu wawili wako bara wanasoma, sipendi wasikie huko maneno kama haya wanayosikia wenzao huku.

BintiShanzu: Jamani, mada. Soja, hiyo mia mbili niliiona kwa macho yangu na siifuti. Lakini hili la majina nalibeba. Kwenye kikao cha wakazi nitataka kila mwenye nyumba atume orodha getini kabla ya saa kumi na mbili jioni: jina, idadi ya watu, namba ya gari. Kitambulisho mgeni akionyeshe tu, kisipigwe picha. Na orodha ichanwe mgeni akiondoka.

SojaWaUsiku: Orodha ikifika nitaisimamia. Andikeni na namba ya mtu atakayepokea saa nane usiku. Juzi chumba cha tatu kulikuwa na mwanamke anapiga mayowe. Nilimpigia mwenye nyumba mara nyingi, amezima. Nilipanda peke yangu na tochi.

NuruWaThika: Yuko salama?

SojaWaUsiku: Yuko salama. Alifungua mwenyewe, nikamshusha hadi getini mpaka dada yake alipokuja kumchukua.

MwenyeNyumbaMbili: Majina nitatuma, na simu yangu haizimwi. Mkesha silipi.

MamaWaWatatu: Mgeni unamtoza ada ya usafi, na hasemi kitu. Ongeza ya mlinzi, iandikwe wazi kwenye bei, na ifike kwa huyu aliyepanda na tochi, si kwa kampuni yake.