Naomba ushauri: dawa za akili na kifafa mwezi wa Ramadhani

Assalaam alaykum wenzangu wa kliniki za afya ya akili. Hapa Pemba tunapanga upya dozi za wagonjwa wa vijijini kabla ya mfungo, naomba mawazo ya waliozoea.

Haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, haisumbui, dozi yote huhamia baada ya futari. Wa sindano ya flufenazini, nayo ya maradhi ya akili, ya kila wiki 4, tarehe haibadiliki. Kazi ipo kwenye kabamazepini, dawa ya kifafa, ya mara tatu kwa siku. Mgonjwa huacha ya mchana, mara nyengine na ya alfajiri kwa kuwa hakuamka kula daku, degedege linarudi. Tukigawa jumla ile ile mara mbili, futari na daku, dozi kubwa kwa mpigo humletea kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili. Je, mnaanza kuhamisha wiki ngapi kabla? Na nani mnamwambia waziwazi asifunge?

Lithiamu, dawa ya maradhi ya hisia kupanda na kushuka, ndiyo inayonitisha hasa. Mtu anayeshinda juani kwenye mwani bila maji, dawa hujikusanya mwilini: mikono hutetemeka kupita kawaida, anatapika, anaharisha, anayumba. Hapo dawa isimamishwe na apelekwe hospitali siku ile ile. Bila kipimo cha damu karibu, mnamfuatiliaje?

Na familia ikisema kidonge kitaharibu saumu, nani husikilizwa zaidi kwenu, imamu wa msikiti wao au sheha? Ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo, ila tukiitaja sisi wa kliniki haiwaingii.