Huyu mchambuzi wetu wa mikeka: sisi tukichanikiwa, yeye ndiye yuwalipwa

Wanajamvi wa Mombasa, salamu baadaye. Kwanza nataka kujua: nani mwengine hapa alituma shilingi elfu moja Ijumaa usiku kwa ile tili ya M-Pesa ya mchambuzi, akapewa "mkeka wa chuma", yaani utabiri wa kubeti wa mechi sita, na kufika magharibi ya Jumamosi nne zishachanika, zimekosa? Nyoosheni mikono. Wangu huu hapa juu, na si mara ya kwanza, na si mara ya tano.

Jina silitaji, nanyi msimtaje, admini asije akatufungia uzi. Abetiye yeyote kutoka Kisauni mpaka Mtongwe ashamjua, na asiyebeti ashaisikia ile sauti kwenye simu ya mtoto wake.

Nianze mbali kidogo, maana wageni wadhani alizaliwa na lile gari lake. Mimi namjua tangu banda la mpira. Banda la mabati, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi ishirini, thalathini kukiwa na debi. Spika ya televisheni ilikuwa imeungua: picha zaja, sauti hakuna. Yeye wakati huo alikuwa kijana wa mkokoteni wa maji. Jioni akishamaliza kusukuma madumu huja bandani, husimama kando ya skrini na kutangaza. Hakuna aliyemtuma. Na jamani, haki yake apewe, yule mtu ana ulimi. "Beki katiwa chenga hiyo, kaenda kutokea Kongowea na kikapu mkononi!" "Kipa kasimama kama mlingoti, bahari yapita chini yake!" Watu wazima walikuwa wakija kumsikiliza yeye, si mpira. Siku moja stima zilipotea dakika ya themanini, na huyu bwana akaendelea kutangaza kizani, mechi aitunga kichwani, kona, faulo, kadi, na hakuna aliyetoka. Mpaka bao alifunga. Tukashangilia! Tukamnunulia mahamri na chai ya rangi. Nikiikumbuka siku ile sasa, naona tulishaambiwa kila kitu.

Kisha ikaja Mei 2017, Samuel Abisai akapata milioni 221 za jakpoti, na nchi ikaingia wazimu. Banda likageuka ofisi, kila mtu na daftari lake. Mchambuzi akaanza kusoma mikeka wakati wa mapumziko, bure, na kusema kweli alipata na kukosa kama sisi sote. Julai 2019 serikali ikakataa kufanya upya leseni za kampuni 27 za kubeti, nikadhani yamekwisha. Akapotea. Akapitia harusi za watu kama mshereheshaji, redio ikampa kipindi, hayo yapite. Aliporudi kwetu alikuwa na simu kubwa, taa ya duara, na grupu la Telegram.

Sasa malalamiko yangu.

Zile picha za ushindi abandikazo kila Jumatatu, shilingi mia tano imezaa laki tatu na arubaini, mimi niliziamini miaka miwili. Juzi nikampelekea kijana wa saiba moja anikuzie, nione vizuri ni mechi gani. Akacheka. Akafungua ukurasa wa kampuni kwenye kompyuta, akabofya mahali, akabadilisha tarakimu kwa mkono, akapiga picha ya skrini. Dakika mbili. Nimekuwa milionea wa Kisauni, salio milioni nne, na nje tuktuk haina petroli. Hapo sijasema kwamba zake zote ni hivyo. Nasema kwamba moja ya zile alizobandika, saa iliyoandikwa kwenye mkeka kuwa ndiyo ya kubeti ni saa ambayo mechi mbili ndani yake zilikuwa zishapulizwa kipenga cha mwisho. Nimeihifadhi.

La pili ni grupu zake. Mimi nadhani niko kwenye VIP ya kipekee, grupu la kulipia ada, shemeji wangu naye yadhihirika yumo kwenye VIP yake ya kipekee. Jumamosi moja tumekaa Kengeleni twangoja abiria, twalinganisha. Mechi ya Arsenal: mimi nimeambiwa washinda, yeye ameambiwa sare. Ujumbe ni ule ule, emoji zile zile, "ndugu yangu hii usimwonyeshe mtu." Kwa wasioelewa faida yake, chukueni watu 800. Nusu waambie huyu ashinda, nusu waambie hashindi. Mechi ikisha, 400 umewakosea, waache walie. Wale 400 wengine wagawe tena. Mechi ya tatu ikimalizika, wako watu 100 ambao mchambuzi hajawahi kuwakosea hata mara moja. Hao mia ndio watakaokuja kunitukana hapa chini, na hawatakuwa wakidanganya! Kwao yeye ni mtume. (Astaghfirullah, lakini mwanielewa.)

Ile jakpoti "kamili" auzayo kwa 2,500 sitaki hata kuigusa. Mechi 17, kila moja matokeo matatu, njia zake ni 129,140,163. Mwenye kuijua njia moja kati ya hizo hawezi kukuuzia wewe kwa bei ya gunia la mkaa.

Lakini hayo yote ni mchezo wa watoto mbele ya hili la tatu, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mwakumbuka alivyotuambia akaunti zetu za zamani "zina nuksi"? Kwamba kampuni imezijua, imeziwekea alama, kwa hivyo tufungue mpya kupitia linki yake? Nikafungua. Nikawafungulia na wengine, nimewahesabu, kumi na mmoja. Mwezi uliopita nikambeba kijana mmoja aliyekuwa akimfanyia kazi ya simu, wamekosana kwa sababu ya mshahara. Kutoka Bamburi mpaka Mwembe Tayari kachemka. Tulipofika hakushuka. Akafungua simu akanionyesha ukurasa ambao mchambuzi huingia kila asubuhi. Ni safu za namba za simu, za katikati zimefichwa kwa nyota. Mbele ya kila namba: pesa alizoweka, pesa alizoshinda, hasara. Na safu ya mwisho: fungu lake.

Nikaishuka ile orodha na kidole. Nikaziona tarakimu zangu tatu za mwisho. Hasara ya mwezi: 14,300. Fungu lake: 4,290.

Thelathini kwa mia ya hasara yangu, ndugu zangu. Si ya ushindi. Mwezi nikishinda hapati kitu. Mwezi nikilia ndio yeye huweka mafuta kwenye lile gari. Mimi miaka yote nilikuwa nikimtetea: "Ah, ni binadamu, mpira wadunda." Kumbe nilikuwa namhurumia mtu kwa kukosea, na kukosea ndiyo kazi yake.

Hapo ndipo na ile mikeka mirefu iliponiingia akilini. Kwa nini kila siku ni mechi kumi, kumi na mbili? Kwa nini ukimuuliza mechi moja au mbili yuwakucheka, ati wewe ni mwoga? Kampuni ikijikatia shilingi tano tu kwa kila mia katika bei ya mechi moja, ukiunganisha mechi kumi, ile mia yako yabaki na thamani ya kama sitini kabla mpira haujaguswa. Mkeka ukirefuka, kampuni yala zaidi, na akila mwenye nyumba na mgeni wake hupata sahani.

Shemeji alibeti shilingi elfu kumi na nane za ada ya shule. Nyingine aliongezea kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Nani alimtia kwenye linki? Mimi. Dadangu tangu Ramadhani hajaniita kula kwake. Hilo silizidishi.

Nimejaribu njia za kiungwana. Nilimwandikia faragha: "Kaka, ni kweli walipwa tukishindwa?" Akanijibu kwa kicheko na mkono wa dua, kisha akaniziba. Nikaenda kituo kimoja cha polisi. Askari aliyekaa pale mezani akaniuliza swali moja, "Ulilazimishwa?" nikakosa la kusema. Tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ya kamari iliposimamisha matangazo yote ya kubeti kwa siku 30, nilidhani ataguswa. Akabadilisha jina la kipindi, kikawa "darasa la hesabu za kandanda." Linki ikabaki pale pale chini. Agosti 2025 imetiwa saini Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari, imeiondoa ile ya 1966, ya tangu babangu hajaoa, nayo yeye ameisoma laivu na kusema haimhusu: "Mimi si kampuni, mimi ni mchambuzi." Mwenye kuijua sheria hiyo vizuri aje atueleze hapa, lakini atueleze kwa lugha ya dereva wa tuktuk.

Sitaki kurudishiwa pesa nilizobeti. Nilibonyeza mwenyewe, kidole ni changu. Nataka ada ya VIP ya kila wiki ambayo grupu mbili zilipewa matokeo tofauti ya mechi moja, maana hiyo ni bidhaa mbovu kama maziwa yaliyotiwa maji. Na nataka apande laivu aseme kwa ile sauti yake nzuri, mara moja tu: "Ukishindwa mimi nalipwa." Baada ya hapo atakaye kubeki na abeki.

Wenye ujumbe wa M-Pesa na mikeka ya tarehe moja kutoka grupu tofauti, wekeni hapa. Zibeni namba zenu kwanza.

NYONGEZA, saa kumi na mbili jioni: Kuna aliyeuliza, "Ikiwa ulikuwa wapoteza miaka miwili mbona hukuacha, wewe ni mtoto?" Swali la haki. Nilikuwa napenda kuisikia sauti yake asubuhi nikipasha gari. Nadhani ni hivyo tu. Na kwa yule aliyesema nina husuda ya mtu wa mkokoteni kufanikiwa: ule mkokoteni nimeusukuma naye, mpanda wa Kengeleni, mara nyingi kuliko ulivyokula mabuyu.

Mpaka sasa mikeka kumi na tatu imeletwa. Tarehe mbili zishalingana. Mmoja aliambiwa mabao zaidi ya mawili, mwenzake chini ya mawili, saa ile ile.

NYONGEZA YA PILI, saa nne usiku: Mwajua amefanya nini? Amepanda laivu saa tatu na kuusoma uzi huu. Wote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mbwembwe, kama yuwatangaza mechi. Mimi nimekuwa winga niliyepoteza mpira, shemeji amekuwa mshika kibendera. Watu wakicheka, mioyo myekundu yapanda kwenye skrini kama povu. Kuhusu fungu la thelathini kwa mia alipita mbio, akasema "hapo refa hakuona." Nami, Mungu anisamehe, alipofika pale pa kipa na mlingoti, akaikaza sauti kama zamani bandani, nilicheka. Niko peke yangu ndani ya tuktuk, nimeegesha Kongowea, nacheka.

Alipomaliza akabandika linki.